Wagoni ya dizeli ya mtumba Uingereza kwa bajeti ya kawaida: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni kuhusu wagoni, yaani gari ya kawaida yenye paa na buti refu la kwenda nyuma, nimeyaandika kwa ndugu zetu tunaoishi Uingereza, wenye familia, wenye kazi za mbali na mizigo ya kila aina, na mfukoni pana kama pauni 3,000 mpaka 6,000 hivi, sio zaidi. Maswali ni yale yale yanarudi kila wiki kwahiyo nimeyaweka pamoja. Soma linalokuhusu ila lile la pili usiliruke hata kama kuna gari umeshaipenda.

Kwanini wagoni na sio SUV kama majirani wote?

Sababu kwa SUV unalipia urefu wa kwenda juu, mzigo wako unataka urefu wa kwenda nyuma. Skoda Octavia wagoni ya 2013 mpaka 2020 ina buti la lita 610, Superb ya 2015 kuendelea lita 660, Mercedes E-Class ya 2009 mpaka 2016 lita 695 na ukilaza viti unapata 1,950. Hapo unaweka kigari cha mtoto na manunuzi ya mwezi, au siku ya kwenda Heathrow masanduku ya safari, bila kumkalia mtu miguuni. Na kwasababu kila mtu anakimbilia SUV, wagoni ya mwaka ule ule na maili zile zile mara nyingi inauzwa bei ya chini. Ukitafuta kwenye matangazo andika estate, lakini Honda na Toyota wanaandika Tourer, BMW Touring, Audi Avant, Kia Sportswagon, ukitafuta neno moja tu utazikosa nyingine.

Mimi ni kea, nazunguka nyumba za wazee hapa hapa mjini, dizeli si inakula mafuta kidogo?

Dada yangu, kaka yangu, usinunue dizeli. Hili nalisema kwa nguvu zote sababu naona watu wanafika na visa yao ya kea, mtu anawaambia dizeli ndo inabana matumizi, wananunua, na baada ya miezi michache gari iko gereji na mshahara umeenda huko.

Iko hivi. Dizeli zote za kuanzia kama 2010, na nyingi za kabla ya hapo, zina DPF. Hilo ni chujio ndani ya ekzosi linalokamata masizi. Likijaa lazima masizi yachomwe, na yanachomwa kwa joto kali, kwahiyo kompyuta ya gari inasubiri uwe unaendesha mwendo wa kueleweka, tuseme maili 40 kwa saa na zaidi kwa dakika 15 au 20 mfululizo, alafu inamwaga dizeli ya ziada kupandisha joto na kuchoma. Sasa wewe unaendesha dakika kumi unazima, nusu saa kwa mzee, unawasha dakika nane unazima, siku nzima hivyo. Injini haipati moto kabisa. Kila ikianza kuchoma unaikatisha, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, tabo (turbo) na beringi za injini zinaanza kulika. Chujio jipya na kazi yake linaweza kupita pauni 1,000, kwa gari uliyonunua 3,500.

Kwa maisha hayo chukua petroli ndogo, au kama unataka wagoni hasa tafuta Toyota Auris Touring Sports ya haibridi, ya 2013 mpaka 2018, buti lita 530, haina DPF, haina tabo, na kwenye foleni ndo inapenda.

Dizeli ni ya nani basi? Ni ya mtu anayekaa Coventry na kazi yake iko ghala la Daventry, au yuko Reading na anaingia zamu Heathrow, yaani kila siku au karibu kila siku anaingia barabara kubwa na injini inapata moto vizuri. Watu wa magari hapa hupenda kutaja maili 12,000 kwa mwaka kama kipimo, mimi naona aina ya safari ina uzito kuliko idadi, maana mtu wa maili 8,000 zote za barabara kuu ya M1 chujio lake linakaa safi kuliko wa maili 14,000 za kona kona za mjini.

ULEZ inanihusu wakati sikai London?

ULEZ ni eneo la London ambalo gari yenye moshi uliozidi kiwango inalipia kuingia. Kama unaingia London hata mara moja moja kwa harusi na misiba, inakuhusu. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 imefunika mitaa yote ya London, pauni 12.50 kwa siku, saa 24, siku zote isipokuwa Krismasi. Dizeli inatakiwa iwe Euro 6, hizi Euro ni viwango vya moshi, namba ikiwa kubwa moshi ni msafi zaidi. Birmingham katikati ni pauni 8 kwa siku tangu Juni 2021, Bristol ni 9, na Glasgow ndo wakali kabisa, isiyofikia kiwango hairuhusiwi kuingia eneo lile la katikati, ukiingia ni faini.

Euro 6 ikawa lazima kwa magari mapya yote Septemba 2015, kwahiyo dizeli iliyosajiliwa baada ya hapo kwa kawaida uko salama. Ila zipo zilizotangulia, kwa mfano Mazda 6 ya 2013 yenye injini ya 2.2 ilishakuwa Euro 6. Na zipo za katikati ya 2015 ambazo bado ni Euro 5 na muuzaji anakuapia kwamba ni 6. Usibishane nae, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Transport for London, inakujibu palepale na ni bure.

Kama unakaa mbali kule Hull au Aberystwyth na miji hiyo huiendi, basi Euro 5 ni nafasi yako nzuri ya kununua rahisi maana watu wa London wamezikimbia.

Mimi ni mtu wa Toyota toka nyumbani, nichukue Avensis ya dizeli?

Naelewa moyo wako uko wapi. Jina la Toyota sisi tumelijua kwa 1HZ ya Land Cruiser na 2L za Hilux, injini ambazo pampu yake ni ya chuma tupu, hazina DPF wala kompyuta ya kununa. Avensis Tourer ya huku ni kitu kingine. Ile ya 2.2 D-4D ndo yenye sifa mbaya, inakula oili na gasketi ya silinda hedi inaondoka, na matengenezo yake sio ya mchezo. Ya 2.0 ina nafuu lakini ni ukoo ule ule. Alafu kuanzia Avensis iliyobadilishwa sura 2015, injini za dizeli za 1.6 na 2.0 zilitoka BMW, yaani unafungua boneti la Toyota unakutana na Mjerumani.

Bodi yake ngumu, umeme wake hausumbui, viti vinadumu. Ila usiinunue kwa jina peke yake, ipime kama unavyopima nyingine. Kama unataka utulivu ule wa Toyota unaoujua, huku umebaki kwenye haibridi zao.

Basi tuambie, ipi?

Kwa mtu wa barabara kubwa mwenye bajeti hii, nyingi utakazokutana nazo ni Skoda Octavia ya kizazi cha tatu, 2013 mpaka 2020, na ni gari nzuri kweli. Injini za 1.6 na 2.0 TDI za kizazi hicho sio zile za kashfa ya Volkswagen ya kudanganya vipimo vya moshi ya Septemba 2015, ile kashfa ilihusu injini ya kabla yake ambayo imo kwenye Octavia ya kizazi cha pili, Passat, Golf na Audi za 2008 mpaka 2015 hivi. Spea zipo kila kona, fundi yeyote wa mtaani anaijua. Ugonjwa wake mkubwa ni wotapampu, ina kifuniko kinachosogea ndani kikikwama injini inachemka, kwahiyo uliza belti ya taimingi (ile inayoendesha vali za injini) ilibadilishwa lini na kama wotapampu ilibadilishwa pamoja nayo. Hakuna risiti? Hesabu kwamba haijabadilishwa na ukate bei hiyo. Passat ya 2015 kuendelea ni injini ile ile ndani ya suti nzuri zaidi, na Superb ni ile ile ndani ya chumba cha kulala.

Ninayoipenda mimi ni Honda Civic Tourer 1.6 i-DTEC, 2014 mpaka 2018 hivi. Cheni badala ya belti, buti lita 624, CO2 gramu 99 kwenye zile za kawaida kwahiyo zilizosajiliwa kabla ya Aprili 2017 ada ya barabara ni kidogo sana, na ni manyuo tu, hakuna giaboksi ya auto ya kukuumiza kichwa. Shida yake ni moja, ziko chache, ukiiona yenye karatasi zake usilale. Za mwanzo ni Euro 5, angalia.

Mondeo ya 2.0 TDCi ni ya mtu anayetaka gari kubwa kwa pesa ndogo. Injini hiyo walitengeneza na Peugeot na Citroën, imara, inakwenda maili nyingi bila kulalamika ikibadilishiwa oili. Kizazi kilichoingia huku mwishoni mwa 2014 ndo kizuri. Kinachochoka ni klachi na flaiwili yake, hilo nitalieleza chini.

Kia Ceed Sportswagon 1.6 CRDi na Hyundai i40 Tourer 1.7 watu wanazipita bila kuziangalia na mimi sielewi kwanini. Zote zina cheni. Na Kia wanatoa dhamana ya miaka 7 au maili 100,000, ambayo kwa gari ya bajeti yetu imeshaisha, lakini faida yake imebaki: mwenye gari wa kwanza alifanya sevisi kwa wakati na akatunza karatasi, maana angezembea dhamana ingekuwa mashakani. Karatasi hizo ndo unazonunua wewe.

Volvo V70 ya D5, silinda tano, lita 2.4, ni gari ya kusafiria Scotland na familia nzima ikashuka bila kuumwa mgongo. Nyingi za bei yetu ni Euro 5 kurudi nyuma, kwahiyo mtu wa London aisahau.

Kuhusu ile 1.9 TDI ya zamani ya Volkswagen ambayo kila fundi wa kwetu anaiimba, ndiyo, ni ngumu na nyingi hazina DPF, lakini sasa hivi zina umri, kutu imeingia chini na miji inazikataa. Ukiwa kijijini na umepata iliyotunzwa, chukua.

Na zipi nizikimbie?

BMW 320d Touring yenye injini ya N47, hasa ya 2007 mpaka 2011. Inaendesha vizuri kupita zote nilizotaja, lakini cheni ya taimingi iko nyuma ya injini upande wa giaboksi, ikianza kulia lazima ushushe giaboksi au injini, na ikikatika injini imekwisha. Ukiipenda BMW ngoja ufike za 2015 kuendelea zenye B47, na hata hizo hakikisha ile kazi ambayo BMW waliyaita magari warekebishe kipoozeo cha EGR (mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) ilifanyika, maana kulikuwa na hatari ya moto.

Injini ya 1.6 TDCi ya Ford, ambayo pia iko kwenye Peugeot, Citroën, Volvo V50 na Mazda 3. Sio injini mbaya kwa asili, ni injini isiyosamehe. Ukichelewesha oili inatengeneza tope, tope linaziba njia ya oili ya kwenda kwenye tabo, tabo inakufa, unaweka mpya nayo inakufa sababu tope bado lipo. Kama sevisi zake hazionekani kwa karatasi achana nayo.

Vauxhall Insignia 2.0 CDTi: kuna sili ndogo ya mpira kwenye bomba linalovuta oili, ikikauka presha ya oili inashuka na injini inajisaga. Sili yenyewe ni ya bei ya soda, kazi ya kuifikia sio. Uliza kama imebadilishwa, na taa ya oili ikiwaka hata sekunde moja zima injini.

Mazda 6 ya dizeli nimeitaja kwa Euro 6 yake, ila ina tabia ya dizeli kuingia kwenye oili mpaka Mazda wenyewe wameweka alama ya X kwenye stiki ya kupimia, juu ya alama ya kujaa. Chomoa stiki kabla ya kuongea bei. Oili ikiwa imekaribia X, rudi nyumbani.

Peugeot za BlueHDi zina matumizi mazuri sana ila tenki la AdBlue (maji ya kusafisha moshi wa ekzosi) linasumbua, na likigoma gari inaanza kukuhesabia maili kisha inakataa kuwaka kabisa.

Maili 130,000 si nyingi mno?

Kwa dizeli ya barabara kubwa sio nyingi. Mimi nikiwekewa mbele Octavia mbili za 2016, moja ina maili 125,000 na sevisi kumi zimeandikwa, nyingine 52,000 na sevisi tatu, nachukua ya 125,000 bila kufikiri mara mbili. Ya 52,000 kwa miaka yote hiyo maana yake ilikuwa inapeleka watoto shule na kurudi, umeshajua hilo linafanya nini kwa DPF. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea kuulizana imetembea ngapi kabla ya kuuliza imetembea wapi.

Nitajuaje maili hazijarudishwa nyuma?

Hapa nchi hii imetupa zawadi ambayo wengi hawaitumii. Ingia gov.uk, tafuta historia ya MOT, ule mtihani wa gari wa kila mwaka, andika namba ya gari tu, bure. Inakuonyesha kila mtihani, siku, maili za siku ile, ilifeli nini na ilionywa nini. Maili ziwe zinapanda mwaka hadi mwaka bila kurudi wala kusimama ghafla. Alafu soma maonyo, hapo ndo tabia ya mwenye gari inajulikana: tairi zimeisha zimeandikwa mwaka jana, na mwaka huu tena zimeandikwa tairi zile zile, breki kutu miaka mitatu mfululizo, huyo mtu alikuwa hatoi hela, na kama hakutoa ya tairi usitegemee alitoa ya oili ambayo hakuna anayeiona. Mwenye gari ambaye kila onyo la mwaka huu mwakani halipo, huyo ndo wa kununua kwake. Fanya hivi kabla hujapanda treni kwenda kuona gari yoyote, utaokoa nauli nyingi.

Nikifika, naangalia nini?

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti kwa kiganja, ikiwa na moto uliza kwanini, dizeli yenye shida ya kuwaka asubuhi hujificha kwa kupashwa moto kabla ya mteja.

Fungua suichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi lazima ziwake, ya injini, ya oili, ya hita plagi, kisha zizime baada ya kuwasha. Taa ya injini isipoonekana kabisa mtu ameifanyia kitu ili usione inavyowaka. Chomoa stiki ya oili, nimeshasema: ikizidi alama ya juu ni dizeli imeingia. Washa. Moshi wa buluu ni oili, mweusi mzito ni nozeli au EGR, mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto ni habari mbaya.

Ingiza kidole kwenye bomba la ekzosi kabla haijawashwa. Gari yenye DPF nzima, kidole kinatoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halimo.

Sikiliza ikiwa imesimama gia huru. Kama kuna mlio wa kugongagonga kule chini, kanyaga klachi, mlio ukipotea na ukirudi unapoachia, flaiwili ya vipande viwili imechoka, na kuibadilisha pamoja na klachi sio chini ya mamia kadhaa ya pauni, mara nyingi inafika 1,000. Barabarani weka gia ya nne mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka mwisho, rev (mizunguko ya injini) zikipanda na gari haisogei klachi inateleza. Tabo inaruhusiwa kupiga mluzi mdogo, ikilia kama king'ora cha polisi inakaribia kufa. Ukisikia harufu ya dizeli mbichi au sauti ya chuf chuf juu ya injini, ni sili za nozeli zinavuja.

Sasa mambo ya wagoni yenyewe ambayo watu wanayasahau. Nyanyua zulia la buti mpaka kwenye tairi ya akiba, gusa, kukiwa na maji mlango wa nyuma unavuja. Fungua na kufunga mlango huo mara kadhaa huku umewasha taa, waipa na kimwagio cha maji cha nyuma, sababu nyaya zinazopita kwenye bawaba zinakatika kwa kukunjwa miaka yote. Simama nyuma uangalie kama imeinama, zimebeba mizigo hizi. Ikiwa na chuma cha kuvutia trela uliza ilivuta nini, karavani ya mapumziko mara mbili kwa mwaka sio sawa na farasi kila Jumamosi. Na Octavia, Mondeo na Passat nyingi zilikuwa teksi: angalia siti za nyuma zilivyochoka kuliko za mbele, matundu ya skrubu kwenye dashi, alama za gundi milangoni. Ilikuwa teksi sio kosa, kukuficha ndo kosa.

Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari na kuunganisha na simu, pauni 20 hivi. Kwa programu inayofaa gari husika kinakuonyesha masizi yamefika asilimia ngapi kwenye DPF na kama kuna mtu kafuta makosa asubuhi hiyo hiyo.

Endesha angalau dakika 20 na sehemu yake iwe barabara ya kasi. Muuzaji akikuzungusha mtaa mmoja tu na kusema inatosha, mshukuru na uondoke.

Anasema DPF imetolewa na gari sasa inakimbia zaidi, si ni afadhali?

Hapana ndugu. Tangu 2014 gari iliyotoka kiwandani na DPF ikikutwa haina, inafeli MOT, na tangu Mei 2018 hata moshi wa kuonekana tu kwenye gari yenye DPF unaifelisha. Kuiendesha barabarani ikiwa imetolewa ni kosa la sheria, na bima ikigundua mabadiliko ambayo hukuwaambia utabaki peke yako siku ya ajali. Nyumbani tunazitoa na maisha yanaendelea, hapa usiguse.

Auto au manyuo?

Kwa bajeti hii manyuo. Ukilazimika auto kwenye Skoda na Volkswagen, jua kwamba DSG, giaboksi yao ya auto yenye klachi mbili, ile ya gia saba ya klachi kavu, inayofungwa sana na 1.6 TDI, ndo yenye malalamiko mengi, ya gia sita ya klachi za kwenye oili ni bora mradi oili yake imebadilishwa kila maili 40,000 na kuna risiti.

Ninunue kwa mtu au kwa dila?

Kwa dila unalindwa na sheria ya haki za wanunuzi ya 2015: ndani ya siku 30 gari ikionyesha ubovu uliokuwepo una haki ya kuirudisha na kupewa hela yako yote, na ndani ya miezi 6 ubovu unahesabiwa ulikuwepo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kwa mtu binafsi ulinzi ni mdogo sana, inatakiwa tu iwe kama alivyoielezea, kwahiyo tunza picha za tangazo na meseji zote. Dila wengine wanajifanya watu binafsi ili wakwepe sheria hiyo. Ukipiga simu sema tu "nimepiga kuhusu gari", akikuuliza "gari ipi?" umemjua. Nenda nyumbani kwake sio maegesho ya supamaketi, na anuani iwe ile ile iliyo kwenye V5C, cheti cha usajili wa gari. Ukiweza lipa japo sehemu kwa kadi ya mkopo, bei ya gari ikizidi pauni 100 na isipite 30,000 benki nayo inawajibika pamoja na muuzaji.

Kagua pia deni, kuna tovuti za kulipia pauni chache mpaka 20. Gari yenye mkopo wa watu kampuni ya fedha inaweza kuifuata mpaka kwako. Humo humo utaona kama iliwahi kufutwa na bima baada ya kuharibika: Cat S, iliumia mifupa, au Cat N, iliumia kitu kingine. Cat N yenye picha za kabla ya kutengenezwa unaweza kuifikiria kwa bei ya chini. Cat S kwa familia, mimi siishauri.

Ada ya barabara na bima vipi?

Ada haihamii na gari tangu Oktoba 2014, ukishalipa hela ya gari unalipia ada kwa kile kikaratasi cha V5C kabla hujaondoka nayo, simu inatosha. Gari iliyosajiliwa kabla ya Aprili 2017 ada inafuata CO2, na zile za gramu 100 kushuka ambazo zilikuwa bure, tangu Aprili 2025 ni pauni 20 kwa mwaka. Iliyosajiliwa kuanzia Aprili 2017 inalipa kiwango kimoja ambacho ni kama mara kumi ya hiyo, kwahiyo gari ya mwishoni mwa 2016 na ya katikati ya 2017 zinazofanana kwa kila kitu zinatofautiana kila mwaka.

Bima ulizia kabla ya kununua, sio baada. Na kama kazi yako inakutoa sehemu moja kwenda nyingine, bima ya kwenda na kurudi kazini haitoshi, mwambie wakala unataka ya shughuli za kazi. Leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, baada ya hapo ni mtihani wa hapa.

Baadae nitaipeleka nyumbani, wazo zuri?

Kwa gari ya bajeti hii hapana. Kenya haipokei gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania ushuru unapanda gari ikizeeka. Alafu dizeli yetu Afrika Mashariki kiwango kilichoanza 2015 kilikuwa salfa sehemu 50 kwa milioni, ya huku ni 10, na DPF na mifumo ya AdBlue ilitengenezwa kwa hii ya 10. Iuze hapa, peleka hela.

Nimeshanunua, wiki ya kwanza nifanye nini?

Badilisha oili na filta yake hata kama muuzaji kasema kabadilisha jana, na weka oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, zile zinazofaa DPF, sio ya bei nafuu iliyo karibu na mlango. Badilisha filta ya dizeli na ya hewa. Kama belti haina risiti, weka miadi wiki hiyo hiyo, usingoje mshahara ujao. Angalia AdBlue na uijaze. Alafu ingia barabara kubwa ukiwa na nusu tenki na zaidi, maana mafuta yakiwa karibu na akiba magari mengi hayachomi masizi, endesha dakika 30 gia ya nne rev zikiwa 2,000 na kitu, na ukifika usizime kama feni inaunguruma kwa nguvu au rev ziko juu kuliko kawaida, hapo bado inachoma, izungushe dakika tano zaidi mpaka itulie.